Divai Aliyoitema

"Zabibu zimeiva."

Maneno mawili tu, kupitia kidude kilichofichwa sikioni mwa Kipanga. Maana yake sumu imeshaingia ukumbini. Nani kaiingiza, makao makuu hawakujua.

Kipanga alifunga koti juu ya bastola yake ya Glock.

Waonjaji walikuwa wamemaliza divai nyeupe, sasa wako kwenye nyekundu. Wananusa, wanasukutua, wanatema kwenye ndoo, wanatoa alama. Divai itakayoshinda angemiminiwa mgeni wa heshima, mama jaji ambaye Jumatatu angewahukumu wauza silaha za magendo. Sumu yao haimdhuru anayeonja na kutema. Inamuua anayemaliza glasi.

"Unaona nini, Kipanga?"

"Watu wazima wanatema mate kwa heshima zote."

"Acha utani."

Mwonjaji mkuu alikuwa kaka yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu baba yao afariki. Ndiye aliyempatia kadi ya mwaliko, maskini, akidhani mdogo wake ni muuza bima. Alikuwa na maringo yake, na wenzake walimtania kila mwaka: divai aliyoipa alama za juu hakuitema, aliimeza. Kuitema, alisema, ni kumtukana aliyeitengeneza.

Ikaja nambari saba.

Kaka alinusa, akatia kinywani, akatoa kumi na tisa juu ya ishirini.

Akatema.

Akasukutua kwa maji, akatema tena, akafuta ulimi kwa leso.

Kipanga aliikazia macho ile leso. Asiwe yeye, jamani. Labda anaumwa tumbo. Labda mafua. Alitafuta sababu nyingine kwa udi na uvumba, hakuipata.

"Ni saba," alinong'ona. "Fungeni milango."

"Una uhakika?"

"Namjua."

Matokeo yalikuwa yameshatangazwa: saba imeshinda, na mhudumu ameshamimina. Kipanga alivuka ukumbi mbio, akaidaka glasi mkononi mwa jaji, akaipeleka kwa kaka yake.

"Kaka, umeisifu wewe. Kunywa."

"Mdogo wangu, usiniaibishe mbele za watu."

"Kunywa, nami nitakupigia magoti hapahapa nikuombe radhi."

Mkono wa kaka haukuinuka.

"Maisha yangu yote naonja vya wenzangu," alisema polepole. "Waliniahidi shamba langu mwenyewe la mizabibu."

Kipanga alimfunga pingu kwa mikono yake. Hakutaka mtu mwingine amguse.

Nje, kwenye ngazi, simu iliita. Mama.

"Mwanangu, uko na kakako? Mwambie Jumapili nawapikia wote wawili."

Uongo ndio kazi iliyomlisha miaka yote. Safari hii aliuacha.

"Pika kidogo, mama. Nitakuja peke yangu."

"Kwani kakako ana nini?"

Akamwambia.

Mama hakukata simu. Kipanga alivaa miwani yake nyeusi ya Ray-Ban, ingawa jua lilikuwa limezama, akashuka ngazi bila haraka, simu ikiwa bado sikioni.