Gari Lililosahau Neno la Siri

Kila Jumamosi, kabla jua halijapanda vizuri, mama na binti yake walifungua karakana yao. Mama alivuta mlango wa bati, binti akafagia sakafu, akapangusa meza ndefu ya mbao na kupanga mikebe ya skrubu kuanzia midogo hadi mikubwa. Kazi hiyo ingemchukua mtu mwingine nusu saa. Yeye aliimaliza kwa dakika kumi, kisha akaanza kuzunguka: mara mlangoni, mara dirishani, mara chini ya meza.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na tangu alipojua kutembea hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Bibi yake ndiye aliyempa jina la Kiguu, maana alikuwa kiguu na njia kweli. Ukimtuma chumvi dukani, atakuletea habari za mtaa mzima, na chumvi ataisahau palepale dukani.

Mama yake alikuwa fundi wa funguo za magari. Hakuwa mchonga vyuma tu. Waliomfuata hasa ni wenye magari ya kifahari, yale yasiyokuwa na tundu la ufunguo, yanayowaka kwa kubonyeza kitufe. Ufunguo wake ni kipande cha plastiki kinachokaa mfukoni, na ndani yake mna chipu ndogo kuliko punje ya mchele.

"Gari la namna hii halifunguliwi na chuma," mama alipenda kusema. "Linafunguliwa na neno la siri. Ufunguo hulitamka neno, gari likalisikia, likakubali."

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, gari jeusi liliingia uani taratibu. Lilikuwa limeng'arishwa hata ungeweza kuchana nywele ukijitazama mlangoni mwake. Akashuka mwanamke aliyevaa suti. Alikuwa mwanasheria. Akamsaidia baba yake kushuka na kumkalisha kwenye benchi ndani ya karakana. Mzee yule alikuwa na miguu dhaifu, na macho yake yalikuwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, babu," Kiguu alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Sauti yako naiona, uso wako bado. Leo saa nane natolewa ukungu huu hospitali. Tumengoja zamu yetu miezi saba."

Mwanasheria alieleza shida yake kwa haraka. "Juzi nimeibiwa ufunguo mmoja kwenye mkoba. Aliyeuiba amechukua na karatasi zenye anwani yangu. Gari likipita tu nje ya nyumba, nachungulia dirishani. Sina raha, fundi."

"Pole, dada. Lakini kwanza nionyeshe ushahidi kwamba gari ni lako."

Mwanasheria akacheka. "Kumbe leo zamu yangu ya kuulizwa ushahidi!" Akatoa kadi ya gari na kitambulisho. Mama akavisoma herufi kwa herufi, akalinganisha na namba iliyochorwa kwenye kioo cha mbele. Ndipo akaitikia kwa kichwa.

"Nitalifundisha gari neno jipya na kulisahaulisha la zamani. Mwizi atabaki na kidude cha kuchezea watoto."

Akaliingiza gari karakanani, akafungua boneti na kuunganisha chaja kwenye betri. Kisha akachukua ufunguo mpya, uliokuwa bado kwenye pakiti yake. Ulikuwa umeletwa na mzee mmoja muuza vipuri, ambaye mafundi wote walimwita Mzee Hakika kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo.

"Kiguu, kazi yako leo ni moja tu," mama alisema. "Kaa kwenye kigoda hiki, utazame chaja. Wakati wa kuprogramu, gari hula umeme mwingi. Umeme ukipungua katikati, litasahau la zamani kabla halijashika jipya. Taa ikiwa ya kijani, tulia. Ikigeuka nyekundu, niite. Usiiguse wala usiondoke."

"Kwa muda gani, mama?"

"Dakika arobaini."

"Arobaini!"

"Kuku hukalia mayai siku ishirini na moja, na hasemi kitu."

Mama akaingia garini na kompyuta yake, akaiweka mapajani, akaanza kazi akiwa amewapa mgongo. Mwanasheria akatoka uani kupiga simu. Kiguu akakaa. Akaitazama taa ya kijani. Akahesabu misumari ya ukutani. Akatikisa mguu wa kulia, akautuliza, ukaanza wa kushoto. Alipochungulia saa ya ukutani akidhani nusu saa imepita, zilikuwa zimepita dakika tisa.

Chini ya meza kulikuwa na kitu kilichomwasha moyoni. Ni feni ndogo aliyoiunda mwenyewe kwa mota ya kioo cha gari bovu na adapta ya redio kuukuu, mapanga akiwa ameyakata kwenye chupa ya plastiki. Aliimaliza jana jioni, hakupata nafasi ya kuijaribu. Na soketi nzima humo karakanani ilikuwa moja tu, ile yenye plagi ya chaja.

"Dakika moja tu," alijiambia. "Gari kubwa hivi haliwezi kuzimia kwa dakika moja."

Akachomoa plagi ya chaja, akachomeka ya feni. Mapanga yakasita, yakajikongoja, kisha yakazunguka mpaka yakawa duara moja jeupe. Kiguu akaziba mdomo asicheke kwa sauti. Akaigeuza feni upande wa benchi, na yule babu akainua uso kuupokea upepo.

Mara gari likalia: tii, tii, tiiii. Kisha likawa kimya.

"He! Imekuwaje tena?" mama alisema kutoka ndani.

Mikono ya Kiguu ilikwenda mbio kuliko akili yake. Akachomoa feni, akaisukuma chini ya meza, akarudisha plagi ya chaja. Taa ya kijani ikawaka kama kwamba hakuna lililotokea. Mama alipofika, binti alikuwa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Kiguu, umeme ulikatika? Kuna mtu amegusa hapa?"

"Hapana, mama."

Neno lilimtoka upesi, na kurudi halikuweza.

Mama alijaribu ufunguo mpya. Gari halikujibu. Akajaribu ufunguo mzima aliokuwa nao mwanasheria. Kimya. Taa za dashibodi hazikuwaka, usukani ulikuwa umejifunga, na buti halikufunguka.

"Fungua buti kwanza, fundi," mwanasheria alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Kiti cha magurudumu cha baba kimo humo. Hata nikiita teksi, bila kiti hicho hafiki chumba cha upasuaji. Ni mbali, na hawezi kutembea."

"Nipe muda, dada."

Saa nne ikapita. Mama alikagua waya mmoja mmoja, akapima fyuzi, akaanza upya, akagota palepale. Mwanasheria alikwenda mlangoni na kurudi, akatazama saa, akaenda tena. Kiguu naye hakuweza kukaa wala kusimama. Alipanga upya mikebe ya skrubu iliyokwisha kupangwa. Alikunywa maji bila kiu.

"Mjukuu wangu," babu aliita kutoka kwenye benchi, "kale kaupepo kalikokuwa kananipuliza kameenda wapi? Kalikuwa katamu kweli."

Kiguu akamtazama mama, lakini mama alikuwa amelala chali chini ya usukani na hakusikia. "Ulikuwa upepo wa mlangoni, babu," alinong'ona. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Mama akatoka chini ya usukani, akajifuta jasho. "Umeme upo. Kompyuta ni nzima. Waya ni nzima. Kilichobaki ni ufunguo. Nimeuziwa kitu cha bandia." Akachukua simu na kumpigia Mzee Hakika.

Mzee akafika baada ya nusu saa, amebeba sanduku lake la vipuri, akihema kwa mwendo. Aliusikiliza mkasa wote, akaupokea ufunguo, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mama, hakika huu ni halali. Alama yake hii hapa."

"Alama hata bandia inazo, mzee. Nilipima kila kitu. Haiwezi kuwa kingine."

"Miaka kumi na miwili nakuletea vitu. Hakika, siku gani niliwahi kukudanganya?"

"Labda nawe umedanganywa. Au labda siku yenyewe ndiyo leo," mama alijibu kwa uchovu na hasira. "Chukua ufunguo wako. Nitatafuta mwingine wa kuniuzia."

Mzee Hakika aliutia ufunguo mfukoni, akainua sanduku na kutoka bila kuaga.

Mama akachukua bisibisi. "Dada, hakuna jinsi. Itabidi niitoe kompyuta ya gari yenyewe na kuipeleka kwa mtaalamu mji mwingine. Ni siku tatu. Buti nitalivunja kufuli ili babu apate kiti chake."

"Siku tatu! Na mwizi wangu je?" Mwanasheria akashika kichwa.

Bisibisi ikagusa skrubu ya kwanza.

"Mama, usitoe!"

Wote wakageuka. Kiguu alikuwa amesimama katikati ya karakana, na kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake ilikuwa imetulia tuli.

"Ni mimi. Nilichomoa chaja. Nilitaka kujaribu feni yangu. Gari lilipolia nikairudisha haraka. Uliponiuliza nikasema hapana. Mzee Hakika hana kosa."

Mama aliweka bisibisi chini polepole. Kiguu alingoja akemewe, lakini mama aliuliza kwa sauti ya kazi, "Ulichomoa kwa muda gani?"

"Labda dakika moja. Mpaka lilipolia."

"Basi ufunguo ni mzima na kompyuta ya gari ni nzima. Gari lilikatizwa katikati ya sentensi, linangoja mwisho wake. Mimi nikaendelea kulirudishia mwanzo, nikidhani halikukatizwa." Mama alikuwa tayari ameshika spana, akifungua nyaya za betri. "Lipumzike robo saa bila umeme wowote, lisahau kila kitu, kisha tuanze moja. Lakini ufunguo ameondoka nao mzee. Kiguu, mrudishe. Na utamwambia wewe mwenyewe."

Kiguu akatoka mbio. Akapita kwa fundi viatu, akapita kwa muuza matairi, akakata kona karibu na shule. Alimkuta Mzee Hakika ameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, sanduku katikati ya miguu yake.

"Mzee, nisamehe," alisema huku pumzi zikimkatika. "Ufunguo wako ni halali. Mimi ndiye niliyeharibu, nikanyamaza ukatukanwa mbele yangu."

Mzee aliinua uso. "Hakika?"

"Hakika, mzee."

Uso wa mzee ukalegea, karibu acheke. Lakini hakucheka. "Unajua, binti, nilikuwa nimekaa hapa najiuliza kama kweli nimemdanganya mama yako bila kujua. Nilianza kujishuku mwenyewe." Akainuka na kumpa sanduku. "Beba. Magoti yangu hayajui kukimbia."

Waliporudi, kazi ilianza upya. Safari hii Kiguu alikaa kwenye kigoda akiitazama chaja, na dakika arobaini zilipita bila kuomba hata maji. Saa saba kasoro robo, gari likalia mlio mmoja mfupi. Mama akabonyeza kitufe. Injini ikanguruma kwa upole, dashibodi ikawaka yote, na buti likainuka lenyewe.

"Alhamdulillahi!" babu alisema kutoka kwenye benchi. "Nimeliona kwa masikio."

Kabla ya kuondoka, mwanasheria aliinama mbele ya Kiguu. "Nimewauliza watu wazima wengi maswali, na wengi wao huwa hawathubutu kusema ulichosema. Lakini ungekisema saa nne, binti, sasa hivi baba angekuwa amepumzika kitandani hospitalini."

"Ndiyo, shangazi," Kiguu alijibu, macho chini.

Gari lilipotoka, mama alimgeukia Mzee Hakika. "Mzee wangu, nami nina kosa langu. Nilimwomba mwenye gari ushahidi, wewe nikakuhukumu bila ushahidi. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama. Hakika yamekwisha."

Mzee alipokwenda zake, mama alimwita Kiguu wakanawe mikono pamoja kwenye ndoo. Alimsugua vidole kwa sabuni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo.

"Mwanangu, umefanya makosa mawili leo. La kwanza ni la mkono, na hilo kila fundi amewahi kulifanya. Mimi niliwahi kuunguza gari zima la bosi wangu. Kosa la mkono tumelitengeneza kwa robo saa. La pili ni la ulimi. Hilo limetuchukua asubuhi nzima, limemtesa mgonjwa, na limemvunjia heshima mtu mwema. Fundi hutafuta ubovu kwa kufuata ukweli. Ukimnyima ukweli, ataharibu hata vizima. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Na babu aliponiuliza juu ya upepo wa feni, nilimwambia ni wa mlangoni. Adhabu yangu ni ipi?"

"Jumatatu baada ya shule utakwenda hospitali kumjulia hali babu. Ukungu utakuwa umetoka machoni. Utamweleza mwenyewe upepo ule ulitoka wapi, ukimtazama usoni, naye akikuona."

Kiguu akachukua kitambaa. Ingekuwa rahisi zaidi kufagia karakana mwezi mzima. Lakini aliifuta mikono yake, akasema, "Nitakwenda," na safari hii neno lake lilikuwa la kweli.