Wageni wa Wifi

Msusi alifanyia kazi barazani kwake. Alikuwa na kiti kimoja cha mteja na kioo kilichotundikwa ukutani. Mikono yake ilikuwa myepesi, na ulimi wake haukuwa mzito. Lakini tangu wifi yake ajifungue, macho yake hayakutulia kichwani pa mteja. Yalivuka ua mpaka chumba cha pili, alikoishi wifi huyo, dada wa mumewe.

Wifi alikuwa amejifungua mtoto njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Kwa hiyo wageni hawakukauka. Nesi wa zahanati alikuja na mizani kumpima mtoto. Afisa wa ustawi wa jamii alikuja kuuliza kama mama anakula na kulala, maana mumewe alikuwa amemkimbia. Mwalimu wa chekechea naye alikuja, kwa sababu binti mkubwa wa wifi alikuwa ameanza kulialia darasani. Mara nyingi walikuja wote watatu, wakaketi mkeka mmoja, wakashauriana.

"Kumbe ukizaa kabla ya siku unakuwa malkia," msusi alimwambia mteja wake. "Mimi nilizaa kwa wakati, hakuna aliyekuja kuuliza hata kama kitovu kimedondoka."

Mteja alicheka. Msusi hakucheka.

Yeye alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyeanza chekechea mwaka huo. Watu walimwita Bosi, kwa sababu ukimwita haji mpaka umfuate mwenyewe. Maneno yake yalikuwa machache. Kila aliposhikwa na mafua, masikio yote mawili yalitoa usaha. Msusi aliyatia mafuta ya uvuguvugu na kuyazibua kwa njiti ya kiberiti, kama alivyofanyiwa yeye utotoni.

Siku moja nesi alimletea wifi kofia ya sufu na blanketi laini la mtoto. Msusi aliliona blanketi lile likianikwa kwenye kamba, na roho ikamuuma. Jioni alimvizia afisa njiani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wifi humwacha yule mtoto peke yake na kwenda kuzurura. Akaongeza kwamba yeye hayumo katika maneno hayo. Afisa alimsikiliza, akamshukuru, akaenda zake.

Kesho yake wale watatu walirudi. Msusi alikuwa akisuka, masikio yakiwa ng'ambo ya ua. Alimsikia wifi akilia. Alidhani angeona raha, lakini raha yenyewe haikuja. Mtoto alipimwa, akaonekana ameongezeka uzito. Majirani walioulizwa walisema wifi hata sokoni huenda na mtoto kifuani. Uongo ukajitenga.

Kisha wageni walivuka ua, wakaja barazani kwa msusi. Akajua leo ni leo. Lakini hakuna aliyemgombeza. Mwalimu alikuwa akimtazama Bosi, aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa huku amewapa mgongo. Akamwita kwa jina. Akamwita tena. Nesi akachukua mfuniko wa sufuria na kuuangusha sakafuni. Mteja alishtuka kitini. Bosi aliendelea kupanga vifuniko vyake.

"Huyu si mkaidi, mama," mwalimu alisema. "Huyu hasikii vizuri."

"Anasikia akitaka," msusi alijibu. Kisha donge lililokuwa moyoni likatoka. "Na mbona leo ndiyo mnakuja kwangu? Kwa wifi mnashinda."

Afisa alimsogelea, akasema polepole ili mteja asisikie. "Wifi yako alitueleza sote shida zake, akaturuhusu tuzungumze pamoja. Wewe ulimwambia nesi mwanao ana mafua tu. Mwalimu ukamwambia ni ukaidi. Mimi ukaniambia habari za wifi. Nani kati yetu angemjua mwanao?"

Msusi aliweka kitana chini. Halafu akatandika mkeka, akawaeleza yote: usaha, mafuta, njiti ya kiberiti. Nesi alimwambia kwamba sikio halichokonolewi wala halitiwi mafuta. Sikio linalotoa usaha hupelekwa zahanati mapema, maana likiachwa huweza kuharibu usikivu, na mtoto asiyesikia huchelewa kusema. Nesi angempeleka kwa daktari wa masikio. Mwalimu angemkalisha Bosi mbele na kusema naye uso kwa uso. Afisa angetafuta usafiri.

Gari lilipokuja siku ya hospitali, msusi alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Alisimama amechanganyikiwa, kitana mkononi. Wifi alikuja na mtoto kifuani, akakipokea kitana.

"Kichwa hiki nitakimalizia mimi," alisema. "Najua ni wewe uliyenisema, wifi. Nenda kwanza, tutagombana ukirudi."

Waligombana kweli aliporudi, tena sana. Msusi aliomba radhi huku akilia. Wifi alimsamehe baada ya siku kadhaa.

Daktari aliyasafisha masikio, akatoa dawa, akataka Bosi arudishwe mara kwa mara. Msusi hakukosa. Wale watatu waliendelea kupeana habari, na sasa walikuwa wakiketi mara huku, mara kule. Polepole maneno ya Bosi yakaongezeka.

Asubuhi moja alikuwa akicheza mwisho wa ua, mgongo kwao. Wifi alimwita kutoka mlangoni kwake, bila kupaza sauti sana.

"Naam, shangazi," mtoto aliitika, akageuka.

Mikono ya msusi ilisimama katikati ya msuko. Sauti aliyoingoja muda wote ule ilikuwa imekwenda kwa wifi kwanza. Wivu ukamfinya. Akauacha ufinye, kisha akaita na yeye.

"Naam, mama."