Usukani Ukutani Kwetu

Kila asubuhi nilikuwa naanza na kuku. Nawafungulia banda, nawawekea maji, naokota mayai, nayapanga kwenye trei. Kisha nafunga trei nyuma ya pikipiki kwa mpira, navaa kofia ngumu, naondoka. Wenye maduka wakisikia mlio wa pikipiki yetu kuukuu walisema, "Mama Pacha huyo, mayai yamefika."

Pikipiki ilikuwa ya mume wangu kwa jina. Kwa kazi ilikuwa yangu. Yeye, Baba Pacha, aliichukua jioni tu, kwenda kupiga soga na wenzake. Jioni moja alirudi anaisukuma. Kaiangusha mtaroni, usukani umepinda, upande mmoja umelala kama sikio la mbuzi.

"Nitanunua mpya," alisema.

"Nenda na huu wa zamani ukapimie," nikamwambia.

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi pikipiki?"

Basi, nikarudi kwa kuku wangu. Usukani wa zamani akautupa nyuma ya nyumba. Mimi nikauokota, nikaufanya kizuizi cha mlango wa banda la kuku.

Akaja na usukani mrefu, mpana, unang'aa mpaka ukiutazama unajiona meno. Aliufunga mwenyewe pale uani. Bomba lake lilikuwa jembamba, likawa linacheza kwenye vibanio vya pikipiki vinavyoshika usukani. Akakata kopo la maziwa, akalizungushia kipande cha bati, akakaza. Nyaya za breki, za klachi na za mafuta zikavutika mpaka zikanyooka.

"Mbona nyaya zimekaza hivi?" niliuliza.

"Zitalegea zenyewe. Angalia kwanza unavyong'aa! Wenzangu watakufa kwa wivu."

Kweli, wenzake walikuja wakausifu. Mimi ninayeendesha, ambaye mikono yangu ilifika kwa taabu kwenye vishikio, hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi iliyofuata nilifika duka la kona. Nikapunguza mwendo. Nikageuza usukani kushoto mpaka mwisho ili niingie uani kwa mwenye duka. Hapo injini ikanguruma yenyewe. Niliachia resi. Narudia tena: niliachia. Pikipiki ikaruka mbele, ikagonga ukuta. Nikaangukia mkono wa kushoto, na mayai yote yakamwagika.

Watu walijaa. Baba Pacha akaitwa. Alipofika, kwanza akatazama usukani wake. Kisha akanitazama mimi nimekaa chini, mkono umevimba, ute wa mayai umenijaa nguoni.

"Jamani, mke wangu ameamua kukaanga mayai barabarani!" alisema.

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Mama Kaanga!" Jina likanishika hapo hapo.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Wakanifunga plasta. Nilimwambia muuguzi, nilimwambia mama mkwe, nilimwambia mume wangu, "Niliachia resi."

"Mtu aliyeachia resi hagongi ukuta," alijibu Baba Pacha. Akatia ufunguo mfukoni. "Wewe na pikipiki basi."

Mayai yakaanza kulundikana ndani. Wenye maduka wakatafuta kwingine. Kuku hawana habari na mkono wa mtu, wao wanataga tu. Nililia, tena kwa hasira kuliko maumivu. Nilitaka kazi yangu. Na zaidi ya kazi, nilitaka mtu mmoja tu aniamini.

Taa ya mbele ilikuwa imevunjika. Baba Pacha akamwita fundi, anayeitwa Kelele, kwa sababu huongea kama anashindana na injini hata injini ikiwa imezimwa. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage.

Kelele akawasha injini. Akageuza usukani kulia, injini ikatulia. Akageuza kushoto, injini ikanguruma. Akarudisha katikati, ikatulia. Akageuza tena kushoto, ikanguruma tena. Kishikio cha resi hakukigusa. Nikasogea karibu.

"Nani kafunga takataka hii?" akauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

Baba Pacha akakohoa. "Kwani vipi?"

"Unauliza vipi? Usukani umezidi urefu. Ukikata kona unavuta waya wa mafuta, pikipiki inajipa resi yenyewe! Nani ameanguka na kitu hiki?"

"Mimi," nikasema.

"Pole sana, shemeji. Hukuwa na kosa lolote."

Maneno hayo niliyangoja kwa mume wangu, nikayapata kwa mtu baki. Nilimgeukia Baba Pacha. Alikuwa anatazama kuku.

Kelele akafungua vibanio. Kipande cha bati kikadondoka.

"Lo! Kopo la maziwa? Roho ya mkeo umeifunga kwa kopo la maziwa?"

Mama mkwe akaacha kuchambua maharage.

"Sasa tufanyeje?" niliuliza.

"Usukani wa zamani uko wapi?"

Nikauchomoa kwenye mlango wa banda. Baba Pacha akapata sauti. "Si tuunyooshe tu huo, tuuchomelee?"

"Thubutu! Bomba lililopinda limeshachoka. Ukilinyoosha, litakatika ukiwa mwendoni. Huu ni wa kupimia tu."

Kelele akachukua uzi, akaulaza kufuata bomba toka ncha mpaka ncha, akaukata. "Hiki ndicho kipimo cha urefu wa bomba lote. Unene tunapima hapa katikati, panapobanwa. Lazima ulingane na vibanio, bila bati, bila kitambaa. Mkitaka usukani mrefu kwenda juu, nunueni na nyaya ndefu, zote. Hamtaki? Chukueni wa kimo kile kile cha zamani. Haya, anayeendesha ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Basi twende wote dukani. Usukani hauchaguliwi na asiyeushika."

Dukani Kelele alilinganisha kila usukani na ule wa zamani. Tukapata mmoja mweusi, hauna mbwembwe. Tuliporudi nyumbani akaufunga, akaniambia nikae juu ya pikipiki.

"Viwiko vikunjike kidogo, shemeji. Kifundo kinyooke, kisipinde. Mgongo vipi?"

"Umetulia."

"Toa gia. Washa. Sasa geuza mpaka mwisho, huku na huku. Mlio usibadilike. Vishikio visiguse tangi, wala visikubane vidole. Nyaya zibaki na ulegevu kidogo pande zote."

Niligeuza kwa mkono mmoja, kushoto, kulia. Mlio haukubadilika. Mume wangu akazima injini, akachomoa ufunguo; hapo nikamnyooshea kiganja. "Ufunguo."

Alinipa. Kisha akasema kwa upole, "Yameisha, mama watoto. Tuangalie ya mbele."

"Hayajaisha. Nenda duka la kona ukaseme kweli."

"Nikaseme nini mbele ya wanaume wenzangu?"

"Ulinicheka mbele ya hao hao."

Hakwenda.

Plasta ilipotolewa na mkono ukapata nguvu, nilirudi kazini. Mayai yanafika mazima. Maduka yamenirudia, ingawa si yote. Lakini wakisikia mlio siku hizi wanasema, "Mama Kaanga huyo." Hawana ubaya. Mimi jina hilo linaniuma vile vile.

Ule usukani unaong'aa nimeutundika sebuleni, mkabala na kiti cha Baba Pacha. Mgeni akiuliza ni wa nini, najibu, "Muulize mwenye nyumba." Mmoja aliambiwa ni wa kuning'inizia makoti. Mwingine aliambiwa ni antena.

Juzi alikuja mwenye duka la kona kuagiza trei. Akaketi, akautazama ukuta. "Mbona usukani uko huku ndani?"

"Muulize mwenye nyumba," nikasema.

Baba Pacha akachukua kikombe chake cha chai. Mama mkwe akamkazia macho. "Jibu, mwanangu. Na usiniletee habari za antena."

"Niliufunga mimi," alisema, anatazama kikombe chake. "Sikupima. Ndio uliomwangusha mke wangu pale kwako. Yeye aliachia resi."

Mwenye duka aliduwaa. "Kumbe! Pole sana, Mama Ka…" Akajikatiza. "Pole, Mama Pacha."

"Nimeshapoa," nikasema, ingawa si kweli. Nikaenda kumletea trei zake, moja moja, kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto bado haukunjiki vizuri. Usukani nimeuacha pale pale ukutani.