Simbi Ndani ya Mtaro

Kila asubuhi kabla ya shule, Chokochoko alikuwa na kazi za kufanya: kufagia uwanja, kumwosha uso mdogo wake, na kumpelekea baba chai kazini. Kazi nyingine alijipa mwenyewe, nayo ni kumtania mtu. Hakuna aliyemtuma, lakini hiyo ndiyo aliyoifanya kwa bidii kuliko zote.

Jina hilo alipewa na baba yake, fundi mwashi, siku alipovaa koti lake la kazi na mikono ikakataa kutokeza. Mtu alikuwa ameishona mikono ya koti mwishoni. "Huyu si binti, ni chokochoko tupu!" alifoka baba, huku akipapatika ndani ya koti kama kuku ndani ya gunia. Tangu hapo jina likamganda.

Mdogo wake aliitwa Kifaranga. Dada akienda, naye yumo nyuma. Dada akisimama, naye anamgonga visigino.

Wakati huo baba alikuwa akijenga madarasa ya chekechea kwenye uwanda ulio nyuma ya ufuko. Mitaro ya msingi ilikwisha chimbwa, mirefu kwenda chini kiasi kwamba fundi akiwa ndani ulimwona kichwa tu. Mwaka ujao Kifaranga angesoma hapo, na tayari alikuwa akijisifu mtaani kwamba darasa lake linajengwa na baba yake, kwa hiyo mwalimu asimguse.

Asubuhi moja Chokochoko alikuta mtu mwingine mtaroni. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye kazi yake ni kuchunguza miamba na udongo. Alikuja kuwatembelea, akapita kumsalimia shemeji yake, akachungulia mtaro, na salamu zikaishia hapo. Sasa alikuwa amepiga magoti, anaukwangua ukuta wa udongo kwa mwiko wa baba.

"Shikamoo, mama mdogo. Umepoteza hereni?"

"Marahaba, mchokozi wangu. Shukeni muone."

Ukutani, kati ya matope meusi ya juu na matope meusi ya chini, ulipita mstari mweupe wa mchanga.

"Udongo ni kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine," alisema mama mdogo. "Wa chini ndio wa zamani. Haya matope yalitulia taratibu, miaka nenda miaka rudi. Halafu ghafla, mchanga wa bahari! Gusa. Chini punje ni kubwa, juu ni laini. Maji yaliingia kwa nguvu yamebeba kila kitu, na yalipopoa yakaangusha vizito kwanza. Na haya madonge meusi ndani ya mchanga ni matope yaliyong'olewa njiani."

"Si dhoruba tu, shemeji?" aliuliza baba.

"Dhoruba mara nyingi huacha tabaka nyembamba nyingi, na mchanga wake hauendi mbali. Huu nimeufuata tangu alfajiri mpaka kwenye mfereji nyuma ya shule, unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyoiacha bahari. Nadhani ni tsunami, shemeji. Bahari nzima ilinyanyuka ikaja huku."

Kifaranga akashika sketi ya dada yake. "Tsunami ni nani?"

"Si mtu, mwanangu. Ni wimbi kubwa."

"Litarudi?"

Mama mdogo aliuweka mwiko chini. "Mgeni aliyewahi kufika," alisema, "njia anaijua."

Siku hiyo Chokochoko hakusikia somo hata moja. Kila upepo ulipotikisa mabati ya shule, alichungulia dirishani kuelekea baharini. Basi akafanya kama alivyofanya kila alipoogopa: alitafuta kichekesho. Nyumbani kulikuwa na pazia kuukuu la shanga na simbi, yale magamba meupe ya konokono wa baharini. Alichomoa simbi chache. Kesho yake, baba alipokwenda kufuata saruji, aliteremka mtaroni akazikandamiza ndani ya ule mchanga, akapaka tope juu. Mama mdogo angezikuta, angeshangaa, kisha wangecheka wote. Na kitu kinachochekwa hakitishi, au sivyo?

Lakini mama mdogo hakuja peke yake. Alikuja na kamati nzima ya ujenzi, mbele yao mwenyekiti, aliyeegesha pikipiki yake kandokando na kutangaza kwamba ana haraka.

"Naomba msimwage zege hapa," alisema mama mdogo. "Madarasa ya watoto yajengeni kule kilimani."

Mwenyekiti aliinama, akaona kitu cheupe, akakichokonoa kwa kidole. Alikisugua kwenye suruali, akakiinua juani. Kilikuwa na tundu, na kwenye tundu kipande cha uzi.

"Lo!" alisema. "Wimbi lako lilikuja na sindano?"

Watu waliangua kicheko. Mwenyekiti akachomoa nyingine, nayo ina tundu. Kicheko kikabadilika, kikawa minong'ono.

"Dada, umetutilia vitu ukutani ili tukuamini?" aliuliza.

"Sijaweka chochote," alisema mama mdogo. Alimtazama shemeji yake. Baba, aliyekwisha rudi na saruji, alitazama chini.

"Mchezo umekwisha," alisema mwenyekiti. "Zege ni kesho."

Chokochoko alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, baba ataaibika mbele ya watu wote hawa. Akageuka kumtafuta Kifaranga. Mtoto alikuwa ndani ya mtaro, ameegemea ukuta, ananyonya kidole. Mstari mweupe ulipita juu ya kichwa chake.

"Ni mimi!"

Kila shingo iligeuka.

"Simbi ni za pazia letu. Nilitaka kumtania mama mdogo. Lakini simbi tu! Mchanga sijaugusa."

"Basi yote ni yako," alisema mwenyekiti. "Aliyedanganya kwa simbi, nimwamini kwa mchanga?"

Hapo ndipo Chokochoko alipoogopa kweli. Alikuwa amesema ukweli, na ukweli wake haukuwa na mnunuzi.

"Usiniamini," alisema. "Chagua mahali mwenyewe. Pachimbwe sasa hivi, mimi nikiwa hapa."

Mwenyekiti alicheka, akaisogeza pikipiki yake. "Haya. Hapa nilipoegesha."

Baba alichukua chepe. Akachimba udongo wa juu, akachimba matope meusi. Watu walikwisha anza kuondoka chepe lilipotoka limejaa mchanga mweupe.

Hakuna aliyecheka.

Baba akaendelea. Chini kabisa ya mchanga, chepe liligonga jiwe. Mama mdogo aliruka ndani, akafukua kwa mikono. Jiwe moja, la pili, la tatu, yamekaa duara. Mafiga. Katikati yake mkaa na majivu, na ubavuni chungu kilichopasuka, kimejaa mchanga wa bahari mpaka mdomoni.

"Mtu alikuwa anapika," alinong'ona baba.

"Nani, lini, bado sijui," alisema mama mdogo. "Lakini mchanga umekaa juu ya majivu moja kwa moja. Hakuna tope katikati. Bahari ililikuta jiko hili bado ni jiko."

Mwenyekiti alivua kofia. Alitazama mafiga, akatazama ufuko, akamtazama Kifaranga. "Fundi," alisema kwa sauti ndogo, "mitaro hii ifukie. Tunahamia kilimani."

Baba hakumpiga Chokochoko. Alimpa karai, na kila baada ya shule binti alibeba kokoto kupanda kilima mpaka msingi mpya ukakamilika. "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," baba alimwambia kila alipopita, na kila mara alistahili kuambiwa.

Siku ya mwisho mama mdogo alipanda naye. Kifaranga alikuwa nyuma yao, anawagonga visigino.

"Ardhi ikitikisika sana, au bahari ikirudi nyuma ghafla, mnafanya nini?"

"Tunakimbilia hapa juu," alijibu Kifaranga. "Hatungoji kuambiwa."

"Vizuri." Mama mdogo akamgeukia Chokochoko. "Mwanangu, ardhi haisemi uongo, ila haina mdomo. Inaazima wetu. Siku ile mdomo wako ulipochafuka, kidogo tu watu wale waliokufa na jiko lao wakose wa kuwasemea, na hawa walio hai wakose wa kuwaonya. Tania utakavyo, lakini ushahidi usiuguse."

Chokochoko alitua karai. Chini, uwanda ulikuwa mtupu, umetulia, na nyuma yake bahari, imetulia pia.