Alama za Vema za Wiki Nzima

Kila asubuhi ya wiki ile ya likizo, kabla kompresa, ile mashine ya kubana hewa, haijawashwa, Inspekta alisimama mlangoni mwa zahanati na kuwakagua watu wazima wawili kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa.

"Miwani ya kinga?"

"Hii hapa," alijibu mama yake.

"Barakoa? Vizibo vya masikio? Buti?"

"Vyote vipo, afande!" alisema Mjomba, akapiga saluti kwa mkono ulioshika kikombe. Chai yote ikamwagikia shati.

"Shati halimo kwenye daftari langu. Ingia."

Inspekta alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo alipewa na huyo huyo Mjomba, mdogo wake mama. Mama alikuwa fundi wa sakafu. Wiki ile alikuwa na kazi ya kubandua zulia la plastiki lililochakaa katika ukumbi wa kungojea. Zulia lenyewe lilikuwa limegandishwa kwa gundi ya zamani, gundi yenye kichwa kigumu kuliko mbuzi aliyekataa kuvuka barabara. Kwa kisu na koleo wangemaliza mwaka unaofuata. Ndiyo maana mama alitumia mashine ya kukwangua inayoendeshwa kwa hewa: mpini mrefu unaofika kifuani, patasi pana mbele, na nyuma mpira mrefu unaoleta hewa kutoka kwenye kompresa. Hewa ikiingia, patasi hupiga sakafu haraka haraka, trrrrr, na zulia huinuka vipande vipande kama ganda la chungwa.

Wagonjwa walingoja nje chini ya turubai. Muuguzi mkuu, mama mfupi mwenye sauti ya watu wanne, alichungulia kila baada ya nusu saa na kuuliza, "Bado tu?"

Mashine hiyo haikuwa ya kuchezewa. Mama alichora mstari wa chaki sakafuni, na hewa ikishafunguliwa Inspekta hakuruhusiwa kuuvuka hata kwa kidole cha mguu. Mjomba naye alipewa masharti yake. Patasi iangalie sakafu wakati wote, isielekezwe juu wala kwa mtu. Ukitaka kubadilisha patasi, funga hewa kwanza, toa iliyobaki ndani ya mpira, chomoa mpira, ndipo uiguse.

Sasa, Mjomba alikuwa kwenye majaribio. Alikwisha kufukuzwa kwenye karakana ya baiskeli, kwenye kinyozi, na kwenye duka la vioo, na hilo la mwisho nadhani halihitaji maelezo. Mama alimwambia waziwazi: "Wiki moja, mdogo wangu. Uzembe mmoja tu na mashine hii, unarudi nyumbani. Sitaki kukuuguza kwa sababu ya undugu." Mjomba akaapa. Na kusema kweli, tangu Jumatatu alikuwa akifanya kazi kwa uangalifu wa mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Inspekta naye alikuwa na kazi yake, tena kazi ya kweli. Kila asubuhi, kompresa ikiwa imezimwa na haina hewa, alitakiwa kufungua koki iliyo chini ya tangi ili maji yatoke. "Hewa nayo hutoka jasho ikibanwa," mama alimweleza. "Jasho hilo likibaki, linaleta kutu." Baada ya hapo, matone matano ya mafuta ya mashine kwenye tundu la kuingizia hewa la mashine ya kukwangua. Mwisho, apitishe mkono kwenye kila kiungo cha mpira, ahakikishe klipu imebana na kimnyororo cha usalama, kinachoushika mpira ukichomoka, kimefungwa. Kila akimaliza jambo moja, aweke alama ya vema daftarini kwa kalamu nyekundu.

Tatizo lilikuwa hiyo kalamu nyekundu.

Jumatatu Inspekta alifanya yote, tena kwa mbwembwe. Lakini mchana, akiwa amekaa kwenye benchi nyuma ya chaki, akaanza kulitazama daftari lake. Shuleni, katika somo la hesabu, alama za vema alizokuwa akipata zilikuwa chache kama meno ya mtoto mchanga. Leo kalamu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe! Akaweka vema moja kwenye Jumanne. Ikapendeza. Akaongeza nyingine. Mkono ukanogewa, ukapita Jumatano, ukafungua ukurasa wa pili, ukateleza Alhamisi, na ulipokuja kusimama, Ijumaa nayo ilikuwa imekaguliwa yote.

"Si nitafanya tu," alijiambia. "Nimetangulia kuandika, basi."

Jumanne asubuhi alipofungua daftari, akakuta kazi imekwisha. Koki akaiangalia kwa mbali. Mashine ikafanya kazi vizuri siku nzima, maana uzembe una adabu: siku ya kwanza hupita kimyakimya.

Jumatano, wakati Mjomba anatandaza mpira, Inspekta alikuwa mlangoni akimzuia mzee mmoja mwenye fimbo.

"Babu, miwani yako ya kinga iko wapi?"

"Mjukuu wangu, mimi natafuta choo."

"Choo kiko nyuma. Huku ni eneo la kazi."

"Haya, bwana mkubwa," mzee akasema, akageuza fimbo.

Ndani, muuguzi mkuu alikuwa akimuuliza Mjomba kama mashine ile ni salama. Mjomba akajaza kifua. "Sista, hapa kwetu kila kitu hukaguliwa na kuandikwa. Lala usingizi."

Muuguzi akatoka, Inspekta akasimama nyuma ya chaki kando ya kabati, na kompresa ikanguruma. Mama akafungua hewa. Mjomba akaikazia patasi sakafuni, trrrr, na kabla hajasogea hatua mbili, pa! Mpira ukachomoka kwenye mashine.

Umewahi kumwona nyoka aliyekanyagwa mkia? Basi mpira ule ulimzidi. Ulijirusha kushoto, ukajirusha kulia, ukapiga benchi teke, ukatoboa kabati la mbao. Mjomba aliruka akajitumbukiza kwenye dirisha la dawa, kichwa ndani, miguu nje. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa na sauti ya watu wanne ikasema, "Bado t..."

Hakumaliza. Mpira ulimgeukia, ukamtemea maji ya kutu, ya rangi ya chai, kuanzia kofia hadi viatu.

Mama alikwisha kuifikia kompresa. Akafunga hewa. Mpira ukashusha pumzi, ukalala.

"Sista," sauti ya mzee wa fimbo ikatoka nje, "huko ndani mnaoga?"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa ameweka kidole kwenye tundu lililotobolewa kabatini. Lilikuwa usawa wa paji la uso la Inspekta. Mama alilitazama tundu, akamtazama binti yake. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Toka huko dirishani."

Mjomba akajichomoa, vidonge viwili vimenasa kwenye nywele.

"Kimnyororo kilikuwa wazi," mama akasema. "Klipu imelegea. Daftari linasema Inspekta amekagua leo, kila kitu sawa. Baada yake, aliyeushika mpira ni wewe peke yako."

"Dada, haki ya nani, sikufungua kitu! Nimeutandaza tu!"

"Hata kwenye duka la vioo ulitandaza tu."

"Dada..."

"Tulikubaliana. Vua buti."

Mjomba hakubishana tena. Aliketi kwenye benchi lililopinduliwa, akaanza kufungua kamba za kiatu. Yule mtu wa utani na saluti alikuwa hajui pa kuweka macho.

Inspekta alisimama na daftari kifuani. Kichwani mwake kulikuwa na mabishano makali. Ukinyamaza, hakuna atakayejua, ilisema sauti moja. Mama amekwisha kuamua. Na Mjomba amezoea kufukuzwa! Lakini buti la kwanza likavuliwa, ikaonekana soksi iliyotoboka, kidole gumba kikichungulia, na Inspekta akashindwa kuvumilia.

"Mama, geuza ukurasa."

"Ukurasa gani?"

"Wa daftari. Geuza tu."

Mama akalichukua daftari, akageuza. Akasoma. Akaangalia kalenda ukutani, akarudi daftarini.

"Leo ni Jumatano," alisema polepole. "Hapa Ijumaa umeweka mafuta. Umeyaweka wapi, mwanangu? Hiyo Ijumaa umeitoa wapi?"

"Niliweka zote Jumatatu," Inspekta akasema, machozi yakimdondoka. "Jana sikukagua. Leo pia sikukagua. Maji yale ya kutu ni yangu. Mjomba hana kosa."

"Yaani," Mjomba akauliza, buti mkononi, "mimi nimepita dirisha la dawa kwa ajili ya kalamu nyekundu?"

Muuguzi mkuu ndiye aliyecheka wa kwanza, huku maji yakimtiririka kidevuni. Kisha akajifuta, akamshika Inspekta begani, na kwa mara ya kwanza akazungumza kwa sauti ya mtu mmoja.

"Sikiliza, binti. Mimi nikiweka vema kwamba mtoto amepewa dawa, na hajapewa, yule muuguzi wa zamu ya usiku hatampa. Ataliamini daftari. Vema si pambo. Ni ahadi kwa mtu anayekuja nyuma yako." Inspekta alipotaka kuuchana ukurasa, akamzuia. "Kitabu cha kazi hakichanwi. Piga mstari mmoja, maneno yaendelee kusomeka, na pembeni andika ukweli."

Inspekta akaandika mara nyingi kuliko alivyopenda: *Sikufanya. Sikufanya. Sikufanya.*

Mama alimrudishia Mjomba buti. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimekuhukumu haraka. Na kimnyororo, nimekumbuka sasa, nilikifungua mimi jana jioni nikikunja mpira. Ndiyo sababu ya kukagua. Hata anayejua kazi husahau."

Mchana ule hawakukwangua kitu. Walitoa maji kwenye tangi, bakuli zima. Walifuta kutu, wakakausha mpira, wakaisafisha mashine na kuinywesha mafuta. Inspekta alifanya kwa mikono yake, mama akiwa pembeni, na kalamu ikabaki mfukoni mpaka mwisho.

Alhamisi asubuhi alitoa maji. Vema. Akaweka mafuta. Vema. Akapitisha kidole kwenye klipu, akahisi kitu kama unywele. Akapitisha tena. Ulikuwa ufa mwembamba ambao jana haukuonekana.

Alijua maana yake. Klipu nyingine ilikuwa dukani, duka lilikuwa mbali, na muuguzi mkuu alikwisha kuuliza "Bado tu?" mara mbili. Akaandika alama ya kosa, kubwa, nyekundu. Akampelekea mama.

"Mama, leo tutachelewa."

Mama aliishika klipu mwangani, akauona ufa.

"Wiki nzima umeniwekea vema," alisema, "na sikupata usalama wowote. Leo umeniwekea kosa moja, nalo limetulinda sote. Ukweli unaochelewesha kazi ni bora kuliko uongo unaoiharakisha. Usiogope kuuandika."

Mjomba alitumwa dukani mbio. Aliporudi, alikuwa anahema kama kompresa yenyewe, klipu mpya mkononi.

"Dada," alisema katikati ya pumzi, "hivi majaribio yangu... yanaisha lini?"

"Yamekwisha," mama akajibu. "Funga klipu, halafu mwite Inspekta aikague."