Nyati Niliyeombewa

"Mshindi wa kibali cha nne cha kuwinda nyati... Kuruthum Haji Faki!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikageuka kumtafuta huyo Kuruthum.

Ndugu wasomaji, Kuruthum ni mimi.

Ni mfanyakazi wa ndani, Al Barsha, hapa Dubai. Bunduki sijawahi kuigusa. Hata kuku humwomba mtu anichinjie!

Asubuhi ile sir Mohannad, mwajiri wetu, alitutangazia kwamba kuna tafrija ya wafanyakazi katika hoteli moja ya Al Garhoud. Tuvae vizuri, tuje na vitambulisho. Tukajaa basini watu ishirini na sita: wapishi, madereva, walinzi.

Kumbe sote ishirini na sita tulikuwa tumeombewa vibali... bila kuulizwa!

Masharti ya droo hiyo ya kuwinda nyati huko kwetu Afrika yalibandikwa mlangoni. Mtu mmoja, ombi moja. Mshindi awepo mwenyewe, na akipenda atamkabidhi mgeni wake bunduki awinde badala yake.

Waombaji mia mbili na sitini, vibali vinne. Nilifundisha hesabu Pemba miaka sita, kwa hiyo sikuhitaji karatasi. Aliyeomba peke yake alikuwa na nafasi moja katika sitini na tano. Sir, kwa kuvaa majina yetu ishirini na sita, alikuwa na kama moja katika tatu.

Kando yangu aliketi mzee Msellem, wa zile familia za Unguja zilizohamia Dubai zamani. Kabla ya droo alinisimulia yake.

"Mwaka wa kumi na moja huu, mwanangu. Naomba, nakosa, narudi zangu nyumbani."

"Pole, babu."

"Ndiyo droo hiyo. Sina wa kumlaumu."

Nikamwonea huruma.

Jina langu lilipotoka, sir akaja na kalamu.

"Yalla, Kuruthum, saini hapa. Mgeni wako ni mimi."

"Sikuomba, sir."

"Najua. Niliomba mimi."

"Kwa jina langu?"

"Kwa viza yangu!"

Twaibu, dereva wetu kutoka Uganda, akaninong'oneza, "Dada, weka saini tu. Viza yako inaisha mwezi ujao, na wa kuifanya upya ni yeye. Huyo nyati hata hakujui!"

Nikamwuliza karani wa droo, "Nikikataa, kibali kinakwenda kwa nani?"

"Kwa jina la akiba. Limeshatolewa, limo ndani ya bahasha hii."

Nikamtazama mzee Msellem. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza kwa dua. Nikajiambia, hata lisipokuwa lake, angalau litakuwa la mtu aliyeomba mwenyewe.

"Jina langu liondoeni."

Nikaisukuma kando kalamu ya sir.

"Kuruthum..." Sir alitabasamu kwa ajili ya watu. "Fikiri vizuri."

"Nimefikiri, sir."

"Khalas. Leo hii funga mizigo yako."

Karani akachana bahasha.

"Joweria Nakato!"

Msichana akainuka nyuma yangu, ameduwaa, mkononi chupa ya kahawa.

"Mimi?" akauliza. "Mimi nimefanya nini?"

Mzee Msellem hakushtuka hata kidogo. Akatoa kalamu mfukoni.

"Njoo, Joweria, usiogope. Tia saini hapa. Mgeni wako ni mimi."

Ndipo nilipoitazama safu ya nyuma. Watu kumi na tisa, wote na beji zilizoandikwa "Duka la Msellem"!

Mzee akaniinamia, sauti laini kama ya imamu.

"Ahsante, mwanangu. Umefanya uungwana."

Nilitoka nikaenda kufunga mizigo.

Haya nayaandika mtaa wa Al Muraqqabat, katika chumba cha kupanga cha watu wanane. Viza yangu imebakiza siku kumi na moja.

Mtaniuliza somo ni lipi. Droo ile haikuchezewa, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Kila jina lilipewa nafasi sawa kabisa, ila majina yenyewe yalikuwa na wenye kuyamiliki. Basi kabla hujamwonea huruma mtu anayekosa kila mwaka, mwulize kwanza: huwa anaingia akiwa watu wangapi?