Nani Kanywa Divai ya Leire?

"Sijainywa!"

"Umeinywa, Asier, umeinywa, na usinikatize..."

"We ndo unanikatiza! Nimesema sija..."

"Ufunguo wa pango alikuwa nao nani? Paka?"

"Baba yako ndo alinipa! Nije kumsaidia mapipa!"

"Akakupa mapipa, ukahamia kwenye chupa zangu!"

Walikuwa chini ya nyumba, kwenye pango la divai, wameshika chupa moja, huyu shingoni, yule kitakoni, utadhani wanagombania mtoto mahakamani. Juu meza ilishaandaliwa. Leo mama yake Asier, Visi, anavuka mto kutoka mji wa Haro kuja hapa kijijini Labastida kumposea mwanawe, na Leire alishuka kufungua chupa moja ya mwaka wake, aonje kabla mgeni hajafika.

Chupa zenyewe si za mchezo. Mwaka aliozaliwa Leire, baba yake, mzee Eusebio, alitenga divai bora ya mavuno yale, akaipanga kwenye tundu la ukutani isubiri harusi ya binti. Pale kijijini ukigusa chupa za mtoto wa mtu, bora ungemgusa mkewe.

"Angalia kizibo," Leire akasema. "Cheupe kama jino la maziwa! Kizibo kilicholala na divai miaka thelathini kinatoka cheusi, kinameguka vipande. Na rangi je? Angalia rangi!"

Akamimina. Zambarau tupu, inang'aa, harufu ya stroberi ikajaa pango zima.

Asier akaonja. Macho yakamtoka.

"Mungu wangu. Hii ya mwaka jana."

"Eeh! Divai changa! Pipa haijaliona hata kwenye picha! Yangu ilikuwa ya zabibu za tempranillo na graciano kidogo, Asier. Ikalala kwenye pipa la mwaloni, ikalala kwenye chupa, ikapita umri wa crianza, ikapita wa reserva, ikawa gran reserva, daraja la juu kabisa, tunakua wote. Halafu we unakuja unaikojoa!"

"Fungua nyingine."

Wakafungua nyingine. Stroberi. Nyingine tena. Stroberi.

Leire akaiweka chupa chini. Alipoongea, sauti ilikuwa ndogo.

"Na wewe uko hivyohivyo. Nje lebo ya gran reserva, ndani divai ya mwaka jana. Harusi hakuna."

"Leire..."

"Hakuna! Mpigie mama yako asije."

Asier alipanda ngazi kama mtu aliyepigwa na mlango. Huko chini simu haishiki. Alipofika mlangoni akapiga, akaweka spika ili Leire, aliyemfuata nyuma, asikie kwamba hadanganyi.

"Mama, geuza gari."

"Nigeuze wapi, nimeshavuka daraja! Kuna nini?"

"Leire kavunja harusi. Anasema nimekunywa chupa za mwaka wake nikajaza divai changa."

Ikasikika taa ya kukatia kona tu, tik, tik, tik.

"Mama? Upo?"

"Hukunywa wewe, mwanangu. Nimekunywa mimi."

Leire akaivuta simu.

"Mama Visi? Wewe? Zote?"

"Sio peke yangu, binti. Mi chupa nzima naiwezea wapi?"

"Sasa na nani?"

Simu ikakatwa.

Wakatazamana. Halafu juu ya meza ya uani simu nyingine ikalia, ya mzee Eusebio. Mwenyewe alikuwa pembeni amewapa mgongo, anachoma mbavu za kondoo kwa matawi makavu ya mizabibu, moshi umemfunika mpaka kofia. Leire akaisogelea. Meseji imetoka kwa mtu aliyehifadhiwa kwa jina la Samaki Haro:

"Sebio wangu, wamejua. Nakuja. Usikimbilie shambani."

Ni kweli, mama yake Asier anauza samaki Haro. Lakini samaki wa kumwita mtu Sebio wangu, huyo Leire hakuwahi kumsikia.

"Babaa!"

Koleo likaanguka kwenye moto.

"Binti yangu, ngoja nikueleze..."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipotuambia mnataka kuoana. Si unajua, baba wa bibi harusi na mama wa bwana harusi ndo wasimamizi, tunatoka kanisani nyuma yenu tumeshikana mikono. Sasa, tukasema tujizoeze kutembea."

"Mkatembea mpaka pangoni?"

Asier akaziba mdomo. Hakujua acheke au atapike.

"Ya kwanza tuliifungua tuone kama divai imekufa," mzee akasema, amevua kofia. "Haikuwa imekufa, Leire. Aliyekuwa amekufa ni mimi, tangu tumzike mama yako. Nikaonja, nikamwona Visi anacheka mbele yangu, nikasema, kumbe bado nipo. Jumapili ikifika, tunafungua nyingine."

"Na ukazijaza."

"Sikutaka ukute tundu tupu. Vizibo vya zamani vilivunjika, humu ndani nina vya divai changa tu."

"Baba! Maisha yako yote kwenye divai, unaweka kizibo kipya kwenye chupa ya zamani?"

"Nilikuwa na haraka. Alikuwa ananisubiri kwenye gari."

Leire akamgeukia Asier. Uso umemshuka.

"Nimekuita divai ya mwaka jana."

"Na ukasema nimeikojoa."

"Nisamehe, mpenzi. Turudiane."

Asier akamwangalia sana. Halafu akamfuta masizi shavuni kwa kidole gumba.

"Harusi ipo. Ila hayo maneno yako yataniuma mpaka yafike reserva."

Gari likafunga breki nje. Visi akaingia, gauni la bluu, lipstiki imepinda kwa kuendesha huku analia, mkononi viboksi viwili vidogo. Hakumsalimia Eusebio. Alikwenda moja kwa moja kwa Leire, akampa cha kwanza.

"Hii pete yako, kutoka kwa mwanangu. Hicho ndo nilichotumwa."

"Asante, Mama Visi. Lakini divai yangu..."

"Nyamaza kidogo, binti, nisipoteze ujasiri."

Akafungua boksi la pili. Ndani kulikuwa na saa ya kiume, ile anayopewa bwana harusi siku ya posa. Visi akapiga goti palepale kwenye majivu, mbele ya Leire, gauni na kila kitu.

"Huyu mzee hana baba, hana mama, ana wewe tu. Kwa hiyo nakuomba wewe. Leire, niozeshe baba yako."